Panya Majini na Dawa ya Huzuni



Mwinjilisti mmoja alinijia baada ya ibada akiwa na swali asilotaka kulichukua peke yake. Katika mtaa wake yuko mama aliyeshikwa na huzuni nzito, ile iitwayo siku hizi sonona. Usingizi ulimkimbia, chakula hakukitaka, hata watoto wake alikuwa akiwatazama kama watoto wa jirani. Akapelekwa hospitali, akapewa vidonge, na baada ya majuma kadhaa akaonekana tena shambani na jembe lake. Ndipo kijana mmoja mwenye elimu akamwambia: Dawa za namna hiyo hupatikana kwa kuwatia panya majini hata wakate tamaa. Mama akaingiwa na hofu. Akauliza, Je, mimi nakunywa mateso ya kiumbe cha Mungu? Akavificha vidonge chini ya kitanda.

Nilimwambia mwinjilisti, Nenda leo hii, umwambie arudi kwa daktari, wala asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Mabishano yetu yaweza kungoja, ugonjwa haungoji. Lakini swali lenyewe sikuliona kuwa la kuchekwa, nami tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta.

Kwanza tujue jambo lenyewe, maana si haki kuhukumu tusilolijua. Mwaka wa 1977, huko Ufaransa, mtaalamu wa dawa aitwaye Roger Porsolt na wenzake walitangaza jaribio jipya. Panya hutiwa katika chombo kirefu mfano wa mtungi, chenye maji ya kina cha sentimita 15 na joto la nyuzi 25. Kuta zake ni laini, hapana pa kushika. Siku ya kwanza hukaa humo dakika 15. Mwanzoni huogelea kwa nguvu, huparamia ukuta, huzamia chini kutafuta njia. Kisha hutulia na kuelea, akitikisa mguu kidogo tu ili pua yake isiingie maji. Kesho yake hurudishwa kwa dakika 5, nao wenye kutazama hupima ni muda gani anashindana na ni muda gani anaelea tu. Yule aliyepewa dawa ya sonona hushindana zaidi. Kule kuelea Porsolt alikuita kukata tamaa.

Yako na majaribio mengine. Tangu mwaka wa 1985 wako waliowaning'iniza panya wadogo kwa mkia dakika 6, wakihesabu vivyo hivyo. Lakini lile lisilonitoka moyoni ni jaribio la Paul Willner na wenzake wa London, la mwaka wa 1987. Hao hawakumtia panya majini. Walimsumbua kwa mambo madogo madogo, juma kwa juma: leo malalo yake yamelowa, kesho kizimba kimeinamishwa upande, usiku taa haizimwi, mara ananyimwa chakula, mara analetewa mwenzi asiyemjua. Panya mzima hupenda sana maji ya sukari kuliko maji matupu. Huyu, baada ya majuma ya kusumbuliwa, hakuyatamani tena kama zamani. Alipopewa dawa, hamu ya utamu ilimrudia, wala si kwa siku moja, bali kwa majuma, kama ilivyo kwa mtu. Nani kati yetu azuruye wagonjwa asiyemjua mtu wa namna hii? Hakuna msiba mmoja mkubwa uliompata. Alilowa kidogo kidogo.

Na kabla ya hao walikuwapo mbwa wa Pennsylvania, huko Marekani. Mwaka wa 1967 Martin Seligman na Steven Maier waliwafunga mbwa wasiweze kutoka, wakawapiga kwa umeme. Wengine waliweza kuukomesha umeme kwa kusukuma kibao kwa kichwa; wengine hawakuwa na la kufanya. Baadaye wakatiwa katika sanduku la vyumba viwili, katikati pana kizuizi ambacho mbwa aweza kukiruka na kupona. Wale wa kwanza waliruka. Katika wale wengine, kama theluthi mbili hawakujaribu. Walilala chini wakilia kwa sauti ndogo, na ng'ambo ilikuwa wazi.

Je, ni halali?

Wako watakaojibu upesi kwamba Mungu alimpa mtu kuwatawala wanyama, basi neno limekwisha. Halikwisha. Mithali 12:10 yahesabu kuujali uhai wa mnyama kuwa alama ya mwenye haki. Mwishoni mwa kitabu cha Yona, Bwana anapotaja sababu za kuurehemu Ninawi, anawataja na wanyama wake. Punda wa Balaamu alipofunguliwa kinywa hakuomba makubwa, aliuliza tu amekosa nini hata apigwe mara tatu. Naye Dk. Martin Luther, mtumishi wake Wolfgang Sieberger alipotega nyavu za ndege, aliandika mnamo mwaka wa 1534 barua ya mashtaka kana kwamba imeandikwa na ndege wenyewe. Aliandika kwa mzaha, lakini aliandika.

Wala siwezi kusema kwamba panya na yule mama ni sawasawa. Sisi huchinja mbuzi siku ya Kipaimara na kushukuru. Mwokozi aliposema juu ya shomoro, alisema yote mawili pamoja: kwamba sisi tu bora kuliko shomoro wengi, na kwamba hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu. Sisi tumezoea kusoma nusu ile itupendezayo.

Ugumu niuonao ni huu. Jaribio lile lina maana ikiwa tu huzuni ya panya yafanana na huzuni yetu. Kama haifanani, hatujifunzi neno, na mnyama ameteswa bure. Kama yafanana, basi tunajifunza, lakini ndipo tunapokiri kwamba mle mtungini mna kiumbe akataye tamaa kweli, nasi ndio tuliomkatisha. Kila hatua mtaalamu aendayo kuthibitisha kwamba jaribio lake ni jema kwa elimu, analizidisha deni lake kwa mnyama. Sijaona mtu aliyelikwepa jambo hili, nami sidhani yafaa kulikwepa. Yafaa kulilipia kwa uangalifu: mateso yasifanywe ila pale ambapo elimu itafutwayo ni ya kweli, ni ya lazima, na hapana njia nyingine ya kuipata.

Basi, je, elimu hiyo ni ya kweli? Hapa habari za zamani zinatufaa. Dawa za kwanza za sonona hazikutoka kwa panya waogeleao. Mwaka wa 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa ya iproniazidi, na waliokuwa wakiwatazama wakaona wagonjwa wamechangamka kupita kiasi cha kupona kwao. Mwaka wa 1956, huko Münsterlingen katika Uswisi, daktari Roland Kuhn aliwapa wagonjwa dawa iliyotengenezwa na kampuni ya Geigy, ambayo baadaye iliitwa imipramini. Kampuni ilitumaini itafaa kwa ugonjwa mwingine wa akili. Kuhn aliona kwamba waliokuwa wamezama katika huzuni waliamka asubuhi wenyewe na kuanza kusema na wenzao. Mwaka uliofuata akaandika habari za wagonjwa 40. Hakutumia mashine, alikaa nao, akawauliza, akasikiliza.

Majaribio ya panya yalikuja nyuma, yakapimwa kwa dawa zilizokwisha kujulikana. Kwa hiyo yamkini yatafute tu ndugu za dawa za zamani. Tena panya huonyesha badiliko baada ya dozi chache, na mtu hungoja majuma. Tena wako wataalamu wasemao kwamba panya aeleaye hakukata tamaa, bali amejifunza kwamba hapana njia na kwamba kuelea hakumzamishi, naye anatunza nguvu zake. Nikiwaza, naona huenda panya huyo ana akili kuliko mwenye kumhesabia dakika.

Lakini nisipotaja upande wa pili nitakuwa mwongo. Mwaka wa 1990, Trullas na Skolnick huko Marekani waliona kwa panya wa majini na wa kuning'inizwa kwamba dawa za jamii nyingine kabisa zaweza kufanya kazi kama zile za sonona. Na mwaka wa 2000 wagonjwa wachache wakapewa ketamini, ya jamii hiyo, wakapata nafuu kwa muda wa saa na siku, si majuma. Hapo panya alisema kweli kabla ya mtu.

Tangu mwaka wa 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, walifundisha kanuni tatu: mnyama abadilishwe kwa njia nyingine ikiwezekana, idadi ipunguzwe, na maumivu yapunguzwe. Mwaka wa 2024 jimbo la New South Wales katika Australia lilipiga marufuku kwa sheria jaribio la kuogelesha panya. Mimi naona walifanya vema. Kwa kipimo nilichokiweka hapo juu, jaribio la maji linapungukiwa. Lile la Willner naliona la kweli zaidi, na kwa sababu hiyo hiyo ni zito zaidi kulifanya. La mbwa nisingependa lirudiwe kamwe, ingawa lilitufundisha jambo nitakalolitaja.

Kuhusu yule mama, niliuliza jina la vidonge vyake. Ni amitriptilini, dawa iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka wa 1961, miaka 16 kabla ya Porsolt. Basi kijana yule alikosea. Panya wa majini hawakuileta dawa hiyo. Lakini sikutaka mama atoke kwa mlango huo mdogo, maana katika kabati la hospitali zimo dawa nyingi ambazo mnyama alitangulia kuzionja. Nikamwandikia kwamba mdaiwa halipi deni kwa kuutupa mkate aliokopeshwa. Ameze, na amshukuru Mungu, na akitaka kumkumbuka panya katika maombi yake, mimi sitamzuia.

Sasa lile la mbwa. Mwaka wa 1968 wataalamu wale walijaribu kuwaponya mbwa waliolala chini. Waliondoa kizuizi. Waliwaita kwa upole kutoka ng'ambo. Walitupa chakula upande ule. Mbwa hawakuondoka. Kilichofaa ni kuwavuta kwa kamba, kuwapeleka na kuwarudisha mara nyingi, hata miguu yao ikajua yenyewe kwamba njia ipo. Na mwaka wa 2016 Maier na Seligman waliandika kwamba walikuwa wamelielewa jambo kinyume: kiumbe hajifunzi kulala chini, ndivyo mwili ufanyavyo wenyewe ukipigwa kwa muda mrefu; linalofunzwa ni kwamba kutoka kwawezekana.

Wazee wa kanisa walimwendea mama yule mara tatu kabla ya hospitali. Walisimama mlangoni, wakamwambia ajitie nguvu, kwa kuwa huzuni yake yaonyesha imani haba. Nami naungama kwamba nimefanya hivyo katika nyumba nyingine. Tulikuwa tukiita kutoka ng'ambo. Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamgusa mara ya pili.

Mwinjilisti ameniandikia kwamba vidonge vimetoka chini ya kitanda, na daktari amemwona. Mama wawili wa usharika humpitia kila asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Siku nyingine hukataa kutoka, nao humshika mkono mmoja huku na mmoja huku, wakaenda naye shambani polepole.