Mita 800

Kuna swali la fundi na kuna swali la mwenye mali, na mara nyingi tunajibu la kwanza tukidhani tumejibu yote mawili. Swali ambalo fundi alimuuliza mjomba wangu lilikuwa fupi: hii bunduki yako ya zamani, tuiboreshe ama tuijenge upya? Khotsa anataka ifike mbali. Saa hii anagonga shabaha vizuri hadi mita 200 hivi. Anataka 800.

Wacha nieleze kidogo, maana wengi wetu bunduki tunazijua kwa filamu na kwa askari wa benki. Khotsa aliipata kihalali miaka ile akifuga Trans Nzoia, na sababu aliyoandika kwenye ombi la leseni ilikuwa wezi wa mifugo. Ni ya bolti: unapiga moja, unavuta, unapiga nyingine. Siku hizi amestaafu, anakaa upande wa Shinyalu, na ng'ombe amebaki nao wawili, ambao hulala karibu sana na dirisha la jikoni. Lakini mkono bado uko sawa. Anasema kuna raha ya kupiga kipande cha chuma kilicho mbali mpaka mlio wake ukufikie ukiwa umeanza kukata tamaa. Hiyo raha naielewa. Hata wachezaji wa pool pale Lurambi wanaielewa.

Sasa, umbali hauna huruma. Kosa la sentimita 3 kwa mita 100 linakuwa sentimita 24 kwa mita 800, na hapo hujahesabu upepo. Risasi inashuka mita kadhaa njiani, kwa hivyo inabidi ulenge juu, mahali ambapo shabaha haipo. Mtutu ambao mifuo yake ya ndani imelika hauwezi hiyo kazi. Kuboresha ni kuweka mtutu mpya na darubini yenye nguvu, mengine yabaki. Kujenga upya ni kuanza na chuma kipya na kitako kipya, kila kitu kikipimwa kwa ajili ya huo umbali. Kuboresha ni nafuu, na kuna utamu mwingine ambao Khotsa hausemi kwa sauti: namba iliyogongwa kwenye chuma inabaki ile ile. Kwa hivyo, kwake, bunduki ni ile ile.

Hapo ndipo ninapokwama. Jembe la nyanya limebadilishwa mpini mara tatu na chuma mara mbili, na bado ni jembe la nyanya; Wagiriki wa kale walibishana vivyo hivyo kuhusu meli ya Theseus. Nikiulizwa mimi, jembe limebaki lile lile kwa sababu kazi yake haijahama. Linalima shamba lile lile, linafika pale pale. Kwa bunduki ya Khotsa, kinachobadilishwa ndicho hasa kile ambacho sababu yake ilikihusu. Mwizi wa ng'ombe hayuko mita 800. Mtu aliye mita 800 ni mpita njia.

Waingereza walikutana na swali hili la fundi karne ya 19. Walikuwa na maelfu ya bunduki za Enfield za mwaka 1853, zile za kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Mwaka 1866 wakaamua kuziboresha kwa mtambo wa Jacob Snider: unakata sehemu ya nyuma ya mtutu, unaweka kifuniko chenye bawaba, risasi inaingia kwa nyuma. Nafuu, haraka. Miaka mitano baadaye wakakubali bunduki iliyobuniwa upya, Martini-Henry, na Snider zikaanza kuitwa za zamani. Zikaja huku. Kampuni ya IBEA ilizibeba kwa misafara, na mwaka 1892 Lugard akagawa bunduki kwa Waprotestanti wa Buganda vita vya Mengo vilipokuwa vikikaribia. Kuukuu ya London ilikuwa mpya kabisa Mengo. Neno "ya zamani" linatuliza sana roho ya anayeitoa, lakini aliyesimama mbele ya mtutu halimsaidii kitu.

Njia ya misafara ile ilipita Mumias, ambayo leo iko kaunti yetu. Kutoka hapo, mwaka 1895, Hobley aliongoza msafara wa vita dhidi ya Wabukusu, ugomvi mmojawapo ukiwa bunduki walizokataa kurudisha. Wabukusu walijifungia Chetambe, karibu na Webuye, ndani ya boma lenye ukuta na handaki. Boma la aina hiyo lilikuwa na akili yake dhidi ya mikuki na mishale. Dhidi ya silaha zinazofika mbali, likawa mtego. Nikifikiria Chetambe, ninaona kwamba urefu wa silaha si sifa ya silaha pekee. Unachukuliwa kutoka kwa mtu mwingine, kutoka kwa ule umbali aliodhani ni wake.

Khotsa si Hobley, na aliposikia hadithi hii alicheka. Akaniambia jambo ambalo lazima nilikubali: risasi ya bunduki yake, hata leo, inaweza kuruka zaidi ya kilomita 3. Mtutu mpya hauongezi sana hapo. Tena bunduki iliyolika ndiyo hatari, kwa sababu haijui inakoelekea. Kwani si afadhali inayopiga pale unapotaka?

Ni kweli. Lakini hilo ndilo linalonisumbua. Kinachorefuka ni nia. Leo, kitu chochote kilicho ng'ambo ya mita 200 kikiguswa na risasi yake, ni ajali, mbaya lakini ajali. Kesho kila kilicho ndani ya mita 800 kitakuwa kitu ambacho angeweza kukichagua. Anayeweza kuchagua ana wajibu wa kujua. Kujua nini kiko nyuma ya shabaha, nani anapita, nani atapita ndani ya ile sekunde moja na zaidi ambayo risasi iko hewani na hakuna anayeweza kuirudisha.

Na hebu tuangalie mahali tulipo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,867,579 kaunti ya Kakamega, zaidi ya 600 kwa kila kilomita ya mraba. Mita 800 hapa zina mahindi, kisima, kanisa, boda tatu na watoto wanaotoka shule. Kwingine ni msitu, na ndani ya Msitu wa Kakamega huoni mbali, miti imekuzuia. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Ukiondoa uwanja rasmi wa shabaha wenye tuta la udongo nyuma, sioni kitu chochote Shinyalu ambacho mtu ana haki ya kukilenga kwa umbali huo.

Kwa hivyo nilimwambia, kwa heshima, ajenge upya. Najua ni ghali. Lakini bunduki mpya itamlazimu aombe upya, akae na ile fomu, na kwenye sababu asiandike tena ng'ombe. Aandike "mchezo", kwa mkono wake, aone kama neno hilo linatosha kubeba mita 800. Wakimkatalia, bado ana mita 200 na mkono mzuri.

Yeye anaona ninamzungusha. Anasema mtutu ni mtutu, na kwamba hakuna anayeomba ruhusa upya akibadilisha miwani. Nikamwuliza hiyo miwani ataitumia kuangalia nini. Bado hajampigia fundi.