Nenda Polepole, Utazame

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya.

Ndugu zetu Waislamu, kuna ibada moja isiyotaka mali, wala safari ya mbali, wala elimu nyingi, nayo ni katika ibada tulizozitupa sana zama zetu hizi. Ibada hiyo ni tafakuri: mtu kusimama mbele ya kiumbe cha Mwenyezi Mungu, akakitazama kwa utulivu mpaka moyo wake ukamkumbuka aliyekiumba.

Huenda mtu akatwambia: mwasemaje imetupwa, na watu watoka kila siku? Ni kweli, watoka. Siku za Idi na jioni za Jumapili, ufuo wa Mama Ngina hapa Mombasa hujaa watu tele. Lakini kutoka ni jambo moja na kutazama ni jambo jingine. Mtu hufika mbio, akaipa bahari mgongo ili ajipige picha kwa simu, akala viazi, akatupa karatasi chini, akarudi kwake. Umuulizapo kama maji yalikuwa yakijaa au yakipwa, hajui.

Na upande wa pili wako wenzetu wasemao kwamba kukaa ufuoni au chini ya mti ni upuuzi, na kwamba mcha Mungu mahali pake ni msikitini tu. Hawa twawajibu kwa dalili. Ibn Abbas alipolala nyumbani kwa Maimuna, mama mdogo wake na mke wa Mtume, alimwona Mtume (s.a.w.) akiamka usiku, akatazama mbinguni, akasoma aya za mwisho za Suratu Aali Imran. Aya hizo zawasifu wenye akili, wanaomkumbuka Mola wao wakiwa wima, wakiwa wamekaa na wakiwa wamelala, huku wakifikiri juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Na imepokewa na Ibn Hibban kwamba usiku zilipoteremka Mtume alilia mpaka Bilal akamkuta katika hali hiyo, naye akaonya juu ya mtu azisomaye asizifikiri. Je, baada ya haya kutazama kutaitwa upuuzi?

Tena angalieni watu wa Makka waliambiwa watazame nini katika Suratul Ghashiya. Waliambiwa wamtazame ngamia, yule yule waliyempanda kila siku! Twafahamu hapa kwamba maradhi si kukosa cha kutazama. Maradhi ni macho kukizoea kitu hata yasikione. Na dawa yake imo katika Suratul Mulk, ambamo mtu aamrishwa arudishe macho mara ya pili, kisha mara nyingine. Mwenye haraka hatazami mara mbili. Na waja wema wa Mwenyezi Mungu wamesifiwa katika Suratul Furqan kwa kutembea kwao taratibu juu ya ardhi.

Basi natuchukue mfano wa hapa kwetu. Wangapi katika sisi tumelala chini ya dari za boriti, na tusiujue mkoko uliotoa boriti hizo? Nenda kwenye mikoko iliyoko ukingoni mwa mto wa Tudor wakati wa maji kupwa, ukae. Utaona kwamba mbegu ya mkoko haianguki kavu kama mbegu za miti mingine. Humea ingali juu ya mama yake, ikawa mche mrefu, ndipo ianguke. Maji yakiwa yamepwa huweza kujichoma topeni ikashika papo hapo. Yakiwa yamejaa huelea, ikaenda kuota mahali pengine. Jirani yake, mchu, amesimama katika tope lisilo na hewa, basi amepewa mizizi ichomozayo juu kama vidole ili avute pumzi. Na chumvi anywayo huitoa kwa majani yake. Nani aliyeufunza mti huu?

Na maji hayo hayaendi ovyo. Kila siku huchelewa kadiri ya dakika 50, yakiufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua. Unapokuwa nusu huja maji mafu. Wavuvi wetu wayajua haya, na wengi wa wasomi wetu hawayajui.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba swala zetu zenyewe zimefungwa na mambo haya. Wazee wetu waliijua Adhuhuri kwa jua kupinduka, na Alasiri kwa kivuli cha kitu kulingana na urefu wake, baada ya kuondoa kile kivuli cha wakati wa jua kusimama. Walipambanua alfajiri ya uwongo, isimamayo wima kama mkia, na alfajiri ya kweli, itandaayo kwa mapana. Saa na simu ni neema, hatuzikatazi. Lakini mtoto anayejua wakati wa swala kwa mlio wa simu tu, wala hajapata kuiona alfajiri kwa macho yake, atazisoma aya za mbingu na ardhi kama asomaye habari za nchi ya mbali. Na hasara hiyo tutaulizwa sisi wazazi.

Jambo moja twaonya. Kutazama kiumbe si kukitukuza. Wako wapelekao ubani na vyakula kwenye mibuyu na mapango wakiomba haja zao. Hao wamesimama kwenye ishara, wakamsahau Mwenye ishara. Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Naye aliwakataza, akawajulisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu.

Na asemaye kwamba hana wakati, kwa kuwa ni mtu wa kutafuta riziki, twamwambia: wewe uvukaye Likoni kila siku, bahari iko chini ya miguu yako. Itie simu mfukoni mpaka ng'ambo, utazame. Nawe baba, mtoe mwanao mara moja kwa juma, mwende kwa miguu, mkae mahali pamoja, wala usimhimize. Akikuuliza swali usilolijua, litafuteni pamoja. Na mwondokapo, msiache taka nyuma yenu, kwani achafuaye ishara huwaharibia wajao kuitazama.

Ewe Mola wetu, tupe macho yanayoona na nyoyo zinazozingatia, wala usitujaalie katika walioghafilika. Amin.