Kisiki Kingali Hai

Wapenzi wakatekumeni, mwajua kwamba Mungu Mwumba alimweka mtu wa kwanza katika bustani ili ailime na kuitunza. Kazi hizo ni mbili, wala hazitengani. Walakini wengi huishika ya kwanza na kuisahau ya pili.

Ndivyo ilivyokuwa katika nchi ya Niger, pande za Maradi. Miti ilikatwa, upepo ukafukia mimea michanga kwa mchanga, na mkulima akalazimika kupanda tena na tena. Ililetwa miche ya kupandwa, nayo karibu yote ikafa. Mwaka 1983 mmisionari mmoja kutoka Australia, Tony Rinaudo, alitambua jambo lililopitwa na watu kila siku: vile vichaka vya mashambani vilikuwa visiki vya miti vyenye mizizi hai. Kila mwaka vilichipuka, na kila mwaka vilifyekwa. Hapakuhitajiwa mche wowote. Ilitosha kuchagua machipukizi machache yenye nguvu, kuondoa mengine, na kuyalinda yaliyobaki.

Lakini mtu mmoja hawezi peke yake. Wa kwanza walichekwa, na miti yao ikaibwa. Katika njaa ya mwaka 1984 wengi walilinda miti kwa kuwa walipewa chakula. Chakula kilipokoma, wengi waliikata. Kazi ilisimama imara pale tu wakuu wa vijiji, wakulima na wachungaji wa ng’ombe walipoketi pamoja na kuafikiana kwamba mti wa shamba ni wa mwenye shamba, wala mtu asiuguse. Kwa muda wa miaka 20 hivi, miti ilirudi katika hekta milioni 5 hivi za nchi ile. Wakulima hao, wengi wao Waislamu, waliitimiza ile kazi ya pili.

Faida yake ni nini? Upepo umepungua nguvu, majani yanarutubisha udongo, kuni zinapatikana karibu. Tena mti huvuta ile hewa ya kaboni inayoongezwa na moshi wa viwanda, wa magari na wa misitu inayoungua, hewa inayoifunika dunia kama blanketi na kuzidisha joto.

Je, jambo hili lahusu Kongo? Lahusu sana. Huko Katanga miti ya miombo hukatwa kwa ajili ya makala. Visiki vyake navyo huchipuka, isipokuwa moto mkali wa mwisho wa kiangazi hula machipukizi. Tena amri ya serikali ya mwaka 2014 yawaruhusu wenyeji kuomba msitu wa mababu zao, hadi hekta 50,000, wausimamie wenyewe.

Mchoma makala ana watoto wa kulisha. Asihukumiwe, bali aitwe naye katika shauri: sehemu hii ikatwe, sehemu ile ipumzike.

Ubatizo mnaoungojea haumwachi mtu aishi peke yake. Humfanya kiungo cha mwili mmoja. Basi, kabla ya kiangazi kukauka, wazee, akina mama, wachoma makala na vijana wakutane, wabatizwa na wasiobatizwa pamoja. Watie alama kwenye visiki vilivyo hai, wafyeke njia ya kuzuia moto, na kila mmoja aseme mbele ya wote ni sehemu gani atakayoilinda.