AMANA YA YATIMA NA WAJIBU WA KUIFIKISHA KHABARI YA DHULMA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baada ya haya: ijulikane, ndugu Waislamu, kuwa mtoto alelewaye katika nyumba isiyo ya wazazi wake ni amana. Mtume (s.a.w.) amembashiria amleaye yatima kuwa atakuwa karibu naye Peponi mfano wa vidole viwili. Walakin daraja ikiwa juu, kuanguka kwake ni kuzito. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 10, wameonywa walao mali ya mayatima kwa dhulma kuwa wala moto matumboni mwao. Ikiwa hayo ni kwa mali yake, basi itakuwaje kwa mwili wake?

Hutokea mtoto wa kulelewa akapigwa hata akavunjika, au akachomwa moto, au akanyimwa chakula, au akaingiliwa. Jirani husikia kilio, mwalimu wa chuoni huona alama, na wote hunyamaza. Mtoto mwenye baba humkimbilia babaye. Huyu, ampasaye kumkimbilia ndiye aliyemdhulumu.

Wanyamazao wana hoja tatu.

Ya kwanza ni sitri: wasema Muislamu hufichiwa aibu yake. Jawabu: Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, amebainisha katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kuwa sitri ni kwa maasi yaliyokwisha kupita, kwa mtu asiyejulikana kwa ufisadi. Ama maasi yanayoendelea, ni wajibu kuyazuia mara moja. Na asiyeweza, yampasa kuyafikisha kwa mwenye mamlaka. Na dhulma ya mtoto aliye bado ndani ya nyumba ile haijapita.

Ya pili ni kuogopa ghiba. Imamu huyo huyo amehesabu sababu sita za kuhalalisha kumtaja mtu nyuma yake, na miongoni mwake ni kushitaki dhulma na kutaka msaada wa kuondoa munkari.

Ya tatu ni kuogopa kadhfu, yaani kumsingizia mtu zina, ambayo adhabu yake ni fimbo 80. Jawabu: asemaye, “Mtoto huyu ana alama hizi, na amesema maneno haya,” hakumhukumu mtu. Ametoa khabari ya aliyoyaona na kuyasikia, na kupeleleza ni kazi ya wengine.

Basi likitokea jambo kama hilo, kwanza mtoto na aondolewe penye hatari, apelekwe hospitali. Ikiwa ameingiliwa, asioshwe wala nguo zake zisifuliwe, na afike kabla ya saa 72 kupita, kwani dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI yataka kuanzwa ndani ya muda huo. Pili, asikilizwe kwa upole, asilazimishwe kusema, wala asikabilishwe na mtuhumiwa. Tatu, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, pamoja na siku na saa. Nne, khabari ifikishwe siku ile ile kwa polisi na kwa afisa wa watoto au wa ustawi wa jamii. Na katika Kenya na Tanzania iko simu ya watoto, namba 116. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 imemwajibishia mwanajamii kutoa khabari kwa serikali ya mtaa wake. Na mlezi mwema naye, mtoto akiumia au akitoroka mikononi mwake, asifiche. Na awe wa kwanza kusema.

Kadhi hutazamwa katika ulezi: katika madhehebu ya Imamu Shafi'i uadilifu ni sharti ya mlezi, na fasiki hana haki ya kulea. Ama jinai haimalizwi barazani kwa sulhu ya fedha na kusomwa Fatiha. Wazee wakishapokea fedha huenda makwao, na mtoto hurudishwa kulala chini ya dari ile ile.

Mwenye kuficha ushahidi, moyo wake una dhambi; ndiyo maana ya Sura ya Al-Baqara, aya ya 283. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa ngome ya asiye na mtetezi. Amin.