Je, Yafaa Kufurahi Mahali pa Machozi?

Mtu akitoka Bagamoyo kwa miguu, akafuata pwani kwa upande wa kusini wakati maji yamekupwa, hufika Kaole baada ya mwendo wa kilometa 5 hivi. Njia hiyo yapendeza sana. Mkono wa kushoto ni bahari na matanga ya wavuvi. Mbele ni mikoko. Na mwisho wake ni magofu ya misikiti na makaburi ya mawe, ambayo asili yake yahesabiwa tangu karne ya 13.

Lakini pwani hiyo ilikanyagwa pia na watu waliofungwa minyororo. Katika karne ya 19 misafara ilishuka Bagamoyo kutoka bara, mingine kutoka Ujiji, ikileta pembe na watumwa. Watu wakavushwa kwenda Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Hata jina la Bagamoyo lafasiriwa kwa njia mbili: wengine husema wapagazi waliubwaga moyo kwa raha ya kufika, wengine, watumwa waliubwaga kwa kukata tamaa.

Basi, ndugu, je, ni halali kwa Mkristo kutembea pale na kufurahi?

Yuko asemaye, Si halali, maana furaha hiyo yawadharau waliolia. Mwingine asema, Hayo yamepita, ya nini kujihuzunisha? Naona wote wawili wamekosa. Wa kwanza awapa wauza watu zaidi ya haki yao, kana kwamba waliimiliki na bahari pia. Bahari ni ya Mungu, aliyeifanya kabla minyororo haijafuliwa. Wa pili ni kama mgeni alaye karamuni asiulize kilio kitokacho chumba cha pili.

Yohana Mwinjili ametuandikia neno dogo ambalo wengi hulipita: mahali pale aliposulibiwa Bwana palikuwa na bustani (Yoh. 19:41). Hakuificha bustani kwa sababu ya msalaba, wala hakuusahau msalaba kwa sababu ya bustani. Nasi yatupasa kuvishika vyote viwili.

Tena furaha iliyo njema ina alama yake. Njiani utakutana na mama aliyejitwika kapu la samaki. Ukiona kwamba akuharibia uzuri wa pwani, furaha yako haina heri. Bali ukimwamkia, ukampokea mzigo hata penye kivuli, umewakumbuka waliotwikwa mizigo zamani, na hapana atakayekulaumu ukiitazama bahari na kumshukuru Mungu.