Kuziba Ufa na Kuponya Ukuta

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii husemwa juu ya deni, juu ya maradhi na juu ya ugomvi wa ndugu, hata ni nadra mtu kukumbuka kuwa maneno yake ni ya uashi. Katika insha hii nataka kuirejesha ukutani, kisha niulize swali moja: je, kila aliyeziba ufa ameponya ukuta? Swali laonekana dogo, lakini jibu lake ni zito kwa mtu ye yote aliyerithi nyumba kuukuu, akakusudia kuitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa nyumba za mawe za mji wa kale wa Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kuta za nyumba hizo ni nene, nazo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Paa lake la kale ni bapa, na hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo hazina urefu wa kuvuka nafasi kubwa, vyumba ni virefu na vyembamba. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya kuni nyingi. Kilichotoka motoni kilitiwa maji, kikachemka na kufuka mvuke, kisha kikatulia. Chokaa ikisha kupakwa ukutani huvuta hewa ya ukaa kutoka angani, na kidogo kidogo hurudi kuwa jiwe. Basi jiwe liligeuka chokaa, na chokaa ikageuka jiwe tena. Na mwendo huo hauna haraka.

Ukuta wa namna hii una tabia yake. Hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhi, kisha huyatoa kwa msaada wa jua na upepo, kwa sababu chokaa ina vitundu vidogo vingi visivyoonekana kwa macho. Waashi husema kuwa ukuta huo wapumua. Mtu asiyeijua tabia hiyo hawezi kuutendea ukuta haki, kama vile asiyejua tabia ya mgonjwa asivyoweza kumuuguza.

Sasa ufa umetokea ukutani. Umetoka wapi? Aghalabu ufa huonekana chini na sababu yake iko juu. Mlizamu wa kutolea maji paani umezibwa na majani. Maji ya mvua yametuama, yakapenya na kufuata boriti hata mahali ilipoingia ukutani. Ncha ya boriti imeoza, ikakaa vibaya, na mawe yaliyo chini yake yakaachana. Pengine sababu ni mbegu ya mtini iliyodondoshwa na ndege, ikaota juu ya ukuta na kupenyeza mizizi yake katikati ya mawe. Pengine ni wema uliozidi kipimo: kila paa lilipovuja, mwenye nyumba aliongeza tabaka jipya juu ya la zamani, hata uzito ukazishinda boriti. Ufa, basi, ni habari. Ni ukuta unaosema jambo kwa njia pekee uliyo nayo.

Mwenye haraka hataki kusikiliza habari hiyo. Ataka inyamaze. Naye anacho cha kuinyamazishia, nacho ni saruji. Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds katika Uingereza, alipata hati ya uvumbuzi wa saruji aliyoiita ya Portland mwaka 1824. Na hapa Kenya kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kuitoa mwaka 1954. Tangu hapo mfuko wa saruji umekuwa karibu na mkono wa kila mtengenezaji. Saruji hukauka upesi, ni ngumu, na sura yake ni nadhifu. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Lakini saruji ngumu ikipakwa juu ya ukuta wa matumbawe, unyevu uliomo ndani hukosa njia ya kutoka. Chumvi, ambayo haikosekani katika mawe ya bahari, hujikusanya nyuma ya saruji na kulivunjavunja jiwe likawa unga. Ncha za boriti hukaa katika unyevu huo na kuoza zisionekane. Kwa nje ukuta ni laini kama yai. Kwa ndani wafa. Mwisho saruji hubanduka vipande vikubwa vikubwa, na kila kipande huondoka na ngozi ya jiwe. Saruji yenyewe haina hatia. Katika nyumba mpya iliyojengwa kwa ajili yake ni mtumishi mwema. Kosa ni kukiweka kitu chema mahali pasipo pake, kwa sababu tu kilikuwa karibu.

Hapa uashi wakutana na maadili. Kuziba ufa bila kuuliza sababu yake ni kuupa ukuta sura ambayo hauna. Ni kuusemea uwongo kwa mwiko na rangi. Na uwongo huo haumdhuru mwashi peke yake. Nyumba hupangishwa, huuzwa, hurithiwa. Watoto hulala chini ya boriti ambazo hawakuzichagua. Mwanadamu akisema uongo kwa mdomo, msikilizaji aweza kumwuliza na kumpinga. Ukuta uliopakwa vizuri hauulizwi na mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; lakini katika nyumba, aliyeficha maradhi aweza kuwa amekwisha hama, na kifo kikawaumbua wengine.

Atasema mtu: “Maneno haya ni mazuri kwa tajiri. Maskini afanye nini? Mvua ipo mlangoni, saruji ipo dukani, chokaa iko mbali, na fundi anayeijua kazi ya kale ni adimu na ujira wake si mdogo. Je, aache nyumba imwangukie kwa kuwa hana uwezo wa kuitengeneza kwa adabu?” Shauri hili halifai kudharauliwa, maana si haki kumdai mtu kile asichokuwa nacho. Yangu ni kwamba umaskini huweza kumlazimisha mtu afanye kazi ya muda, lakini haumlazimishi aiite kazi ya muda kuwa timamu. Mtu aweza kuegemeza nguzo chini ya boriti mbovu, akatandaza turubai juu ya paa linalovuja, na akawaambia wote waliomo nyumbani: “Hapa pana ubovu, msilale chini yake hata patengenezwe.” Huyo hakufanya kazi kamili, walakini amefanya kazi ya kweli. Mwenzake aliyepaka rangi juu ya ubovu ule ule na kuupangisha chumba ametumia fedha nyingi zaidi kwa jambo baya zaidi.

Tena ni dhana tu kwamba matengenezo mema lazima yawe ya gharama. Yaliyo bora kuliko yote hutaka macho na uvumilivu kuliko fedha. Kijana wa shule aweza kusafisha milizamu kabla ya mvua za masika kuanza. Aweza kung’oa mche wa mtini ukiwa na majani mawili, kabla haujawa mti wa kuhitaji shoka. Aweza kutia alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa na kuandika tarehe kando yake. Baada ya miezi kadha atajua kama ufa umetulia au bado watembea. Alama ile ndogo ni elimu kubwa, kwa kuwa humfundisha mtu kutafuta ukweli kabla ya kutafuta dawa. Huko Djenné, katika nchi ya Mali, wenyeji wana desturi ya kukusanyika, wakubwa kwa wadogo, na kuupaka udongo mpya msikiti wao mkuu, uliojengwa upya mwaka 1907. Udongo ni dhaifu mbele ya mvua, walakini jengo lasimama, kwa kuwa watu hawakuacha kulishughulikia.

Mtu anayetengeneza kwa mkono wake hupata faida nyingine isiyouzwa dukani. Huijua nyumba yake. Hujua upepo waingia wapi, maji yatokea wapi, na jiwe gani lalia hafifu likigongwa. Lakini mkono uliozoea kazi ndogo hujiona upesi kuwa waweza kubwa, na hapo ndipo hatari ilipo. Kuondoa boriti, kubomoa ukuta unaobeba dari, au kugusa nyaya za umeme si mambo ya kujaribia ushujaa. Chokaa iliyotoka motoni na isiyotiwa maji bado huunguza macho na ngozi. Kumwita fundi mahali elimu yako ilipokoma si aibu. Aibu ni kumwita baada ya dari kuanguka.

Limebaki swali moja. Nyumba ikibadilishwa boriti leo, mawe kesho na milango kesho kutwa, je, bado ni nyumba ile ile? Mwaka 1964 wataalamu wa majengo ya kale walikutana Venice, Italia, wakaandika maagano yao juu ya kazi hii. Walisema kuwa sehemu mpya ipatane na jengo zima, lakini itambulikane kuwa ni mpya. Na kwamba kurudisha sura ya zamani kukome pale kukisia kunapoanza. Maagano haya yana hekima ipitayo mawe. Jipya lisijidai kuwa la kale, na pasipojulikana pasijazwe kwa kubuni. Nyumba iliyotengenezwa kwa sharti hilo yabaki ile ile, kama vile ukoo unavyobaki ule ule ingawa watu wake hufa na kuzaliwa: kilichodumu ni uaminifu wa kila mmoja kwa aliyemtangulia.

Basi nalijibu swali la mwanzo. Si kila aliyeziba ufa ameponya ukuta. Aliyeponya ni yule aliyepanda kwanza juu ya paa kuitafuta sababu, akaiondoa, akatumia kitu kinachopatana na ukuta wenyewe, na akasema wazi ni wapi kazi yake ilipoishia. Wewe, msomaji kijana, yumkini siku moja utakabidhiwa ufunguo wa nyumba ambayo hukuijenga. Kabla ya kuchanganya cho chote, keti mbele ya ufa wake na uutazame. Waliojenga hawapo kukueleza, na watakaoishi humo baada yako hawajazaliwa kukuuliza. Kati ya wale na hawa upo wewe peke yako, na mwiko mkononi.