Maana Haikai Ndani ya Neno

Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, alikiri kwamba mgeni hutaabishwa mno na vitenzi vinavyofuatwa na vijineno kama "off" na "out", na kwamba vingine vimehama mbali na maana ya asili kiasi kwamba hakuna akili iwezayo kufuata nyayo zao. Ungamo hilo linagusa swali la falsafa: maana inakaa wapi? Anayejua kwamba "give" ni kutoa na "up" ni juu, hata ayaunganishe vipi, hafiki kwenye kukata tamaa. Wala si ukaidi wa Kiingereza peke yake. Katika kukata tamaa kwetu hakuna kisu. Na tunapopiga pasi, kura, magoti au chafya, hakuna anayepigwa.

Lipo pingamizi lenye nguvu. "Up", watasema wanaisimu, mara nyingi huonyesha ukamilifu: "eat up" ni kula ukamaliza, "use up" ni kutumia hadi kikaisha. Kweli, na mwanafunzi aushike mwelekeo huo. Ila huonekana vizuri zaidi maana ikishajulikana. "Give up" ni kuacha jambo, "give in" ni kusalimu amri mbele ya anayekushinikiza. Nani angeipata tofauti hiyo kwa kuwazia juu na ndani? Tena itazame "look up", kutafuta neno kamusini. Husemwa "look up the word", lakini "it" sharti ikae katikati: "look it up". Kwenye "look after", yaani kutunza, haikai hapo kamwe. Mtoto wa Kiingereza huyashika haya bila kutajiwa kanuni, kwa kuwa amelelewa ndani ya mazungumzo.

Mwanafalsafa Wittgenstein, katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, miaka miwili baada ya kufa kwake, alishikilia kwamba mara nyingi maana ya neno ni matumizi yake. Je, basi mwanafunzi amebakiwa na kukariri tu? La. Mwenye kukariri orodha yenye tafsiri pembeni bado anaamini maana imefungiwa ndani ya neno. Amebadilisha chombo tu. Ajifunze "give up" pamoja na kinachoachwa: sigara, masomo, kiti cha basi. Kwenye kiti, tafsiri aliyoikariri itamwangusha, maana anayeinuka kumpisha mzee hajakata tamaa yoyote.